Mwenye Nyumba wa Chumba Namba Nne

Sehemu ya Tisa

Wajukuu zangu, aliyefika leo bila kusoma ya nyuma avute kigoda nimfupishie. Aliyesoma anivumilie, mzee hurudia.

Mume wangu, mzee wangu, alifariki akaniachia nyumba ya vyumba sita, ameijenga kwa kujinyima, tofali leo, tofali mwezi ujao. Mbele nakaa mimi. Vya uani napangisha. Au niseme najaribu kupangisha. Mpangaji wangu wa kwanza alihama na mlango. Sisemi aliufunga. Aliubeba. Wa pili alifuga kuku chumbani mpaka ukuta ukabadilika rangi.

Nikachoka. Nikamwachia dalali kila kitu. Tunamwita Kiberiti, kwa jinsi anavyowaka ukimwuliza swali. Kiberiti huleta wapangaji, Kiberiti huonyesha vyumba, Kiberiti huniletea kodi mpaka mlangoni. Mimi kazi yangu ikawa kufagia uwanja.

Chumba namba nne, tangu kabla ya Kiberiti, alikaa dada mmoja fundi cherehani. Nikamtoa. Akaingia mwanamume mmoja mpole niliyempa jina la Mtulivu, kwa sababu kila nikimwambia jambo hujibu, "Nitatulia tu, mama." Alitulia kweli. Miezi mitatu sikuwahi kumwona akianika hata soksi.

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama mlangoni kwake, ufunguo wangu wa akiba mkononi, na ufunguo umekataa kuingia. Alibadilisha kitasa.

Nilisimama pale nikiwaza. Mpangaji anayebadilisha kitasa anaogopa wezi, hilo silaumu. Lakini anayebadilisha bila kumwambia mwenye nyumba, huyo anamwogopa nani?

Nikarudi kwenye ufagio. Kosa langu la kwanza la siku hiyo.

Ilikuwa Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi. Mkokoteni ukaingia langoni, umebeba godoro, makatoni matatu na ndoo. Nyuma yake binti mmoja, nesi, bado amevaa sare na saa imening'inia kifuani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Godoro mnalipeleka wapi?"

"Namba nne. Si ndiyo ile ya pembeni?"

"Namba nne ina mtu."

"Ilikuwa ya mwenye nyumba, bibi, ameihama jana. Ameniambia mwenyewe."

"Mwenye nyumba yupi?"

"Mama mwenye nyumba." Akanitazama kwa upole, ule upole wa watu wa hospitali wanapokuuliza kama umekula kabla ya kumeza dawa. "Kwani wewe bibi ni nani wake?"

Kabla sijapata jibu, lango likagongwa tena. Fundi baiskeli, na baiskeli yake mwenyewe, kitanda cha vipande na godoro vimefungwa juu yake kwa mipira. Mkewe nyuma na mtoto mgongoni.

"Hodi humu! Tumeleta mzigo wa namba nne."

Nesi akageuka polepole. "Namba nne ni yangu, kaka."

"Yako tangu lini?"

"Tangu Jumatano. Nina mkataba."

"Mimi wa kwangu wa Jumanne. Nani mkubwa, Jumanne au Jumatano?"

"Nimelipa miezi sita!"

"Na mimi nililipa kwa majani ya miti?"

Mkewe akaingilia. "Baba mtoto, acha kupiga kelele. Mwulize huyu bibi."

"Bibi anajua nini? Hata yeye anashangaa!"

Kelele zikamwamsha mpangaji wa namba mbili. Huyu ni mlinzi, hukesha kazini na kulala mchana. Akatoka amejifunga shuka, jicho moja limefumba.

"Jamani, wengine ndiyo kwanza tumeweka kichwa chini."

Nikafurahi kumwona. Nikasema, Mungu ameniletea shahidi. "Mwanangu, waambie hawa mwenye nyumba hii ni nani."

Akajikuna. "Si yule mama wa namba nne."

Nikadhani bado anaota. "Na mimi je?"

"Wewe?" Akacheka kidogo, bila ubaya. "Wewe ni bibi unayefagia."

"Nani kakwambia nafagia?"

"Bibi, ufagio huo hapo mkononi."

Fundi baiskeli akacheka. Nesi hakucheka, nikamshukuru kimoyomoyo.

"Kiberiti ndiye aliyeniambia," mlinzi akaendelea. "Alisema mwenye nyumba yuko namba nne, huja Jumanne na Jumatano. Na mbele kuna bibi mmoja, huyo ukimpa shikamoo yake inatosha."

Wewe unayeanza kupangisha, weka hili kichwani. Mpangaji aujue uso wako kabla hajaujua mlango wake. Mfungulie wewe. Mwonyeshe wewe bomba na choo. Miguu ikiuma, jikongoje hivyo hivyo. Mimi niliona raha kuletewa kodi kama malkia, kumbe watu walikuwa wananiona mfagizi. Majirani wa kuwauliza pia sina. Upande huu ghala, upande ule ukuta wa shule, na mimi mwenyewe sijamaliza miaka miwili hapa. Jumanne na Jumatano ndizo siku zangu za kliniki ya magoti. Hutoka asubuhi, nikarudi jioni.

Nani alijua siku zangu za kliniki? Swali hilo lilinipita kichwani, nikaliacha liende zake.

Nikampigia Kiberiti. Simu imezimwa. Mtulivu naye, imezimwa.

Hapo ndipo lango lilipofunguka mara ya tatu, na nikatamani ardhi inimeze. Alikuwa fundi cherehani. Yule yule niliyemtoa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Sauti yangu ilitoka nyembamba kama uzi wake.

Akaenda moja kwa moja kwa nesi. "Dada, umeshashusha mzigo? Usishushe."

Walijuana. Nesi alikuwa mteja wake. Jioni ya jana alimpelekea kitambaa amshonee pazia la chumba kipya, na akampa vipimo vya dirisha.

"Kusoma vile vipimo tu, nikajua," fundi cherehani alisema. "Dirisha gani jingine lina upande wa kushoto mrefu kuliko wa kulia kwa vidole vinne? Nimeishi nalo miaka... miezi minane, naona kama miaka. Nikasema, lazima mama anapangisha tena namba nne. Lakini huyu akaniambia mama mwenye nyumba ni mnene, ana gauni la bluu, amempokea ndani ya namba nne yenyewe. Nikalala vibaya."

Dirisha lile lilijengwa na fundi aliyekuwa amelewa. Mzee wangu alikataa kulibomoa, akasema kila nyumba ina kilema chake.

Sasa nikiri. Fundi cherehani huyu alipokuja kupanga, aliuliza maswali kama hakimu. Maji yanatoka siku zipi? Ufa ule wa ukutani ni wa zamani au unakua? Taka nani anazoa? Mita ya umeme tunagawana vipi? Akataka mkataba wa maandishi, nakala mbili, moja akae nayo yeye. Nilimshuku. Nikajiuliza, huyu anapanga chumba au anainunua nyumba? Halafu sikio langu likajazwa maneno, kwamba mtu anayeuliza sana ana lake jambo, kwamba cherehani yake inakula umeme wa wote, kwamba nikimwacha atakuja kunishtaki. Nikampa wiki mbili ahame. Hakugombana. Alifagia chumba, akanirudishia ufunguo, akaniambia, "Mama, ule ufa unakua."

Mtulivu yeye hakuuliza hata maji. Nikamwona mstaarabu.

Leo nina akili, ingawa imekuja kwa kuchelewa. Anayeuliza maji anataka kuishi hapo. Asiyeuliza hana mpango wa kuoga hapo.

"Nilikukosea," nilimwambia. Mbele ya wote.

"Hilo tutaliongea, mama. Tuanze na mlango."

Fundi baiskeli alishatoa bisibisi. Nikamwambia avunje. Fundi cherehani akamshika mkono.

"Usivunje hivi hivi. Kesho yule mtu akirudi akisema alikuwa na dhahabu humo ndani, mama atalipa kwa kitu gani? Tuingie sote. Kila tutakachokikuta kiandikwe, na kila mtu atie sahihi."

Nesi akatoa kalamu. Mlinzi akaenda kuvaa suruali, akasema shahidi wa shuka hakubaliki popote.

Kitasa kikatoka. Mlango ukafunguka.

Wajukuu, nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi. Nilijiandaa kukuta bangi. Nilijiandaa kukuta mali ya wizi. Nilijiandaa hata kukuta maiti, Mungu anisamehe.

Nilikuta sebule yangu.

Hakukuwa na kitanda. Hakukuwa na jiko, wala nguo, wala kikombe kichafu. Kulikuwa na viti viwili na meza, na juu ya meza kitambaa cheupe cha maua ya kudarizi, kama changu. Miwani ya kusomea, kama yangu. Fimbo imeegemezwa pembeni. Na ukutani, ndani ya fremu, mzee wangu, marehemu, amevaa koti lake la harusi, ananitazama.

"Hapa ndipo tulipokaa," nesi alisema. "Mimi kiti hiki, yeye kile. Akaniambia huyo ukutani ni mumewe, alijenga tofali leo, tofali mwezi ujao."

Maneno yangu! Maneno ninayoyasema mimi!

"Mwanamke mwenyewe yukoje?"

"Kama wewe, bibi. Mnene zaidi. Anatembea kwa kuburuta mguu mmoja. Na anakohoa kidogo kabla ya kusema."

Nikakohoa, nikasema, "Hivyo tu?"

Wote wakanitazama. Mimi ndiye ninayekohoa kabla ya kusema.

"Mlinzi," fundi cherehani akauliza, "na wewe hukushangaa? Wazee wawili wanaofanana, nyumba moja?"

"Nilidhani ni dada yake. Nikasema maskini, mmoja ana nyumba, mwenzake ana ufagio. Ndiyo dunia."

Nilitoka mbio, kama magoti yangu yanavyoelewa mbio. Nikaingia chumbani kwangu. Picha ya mzee ipo pale pale juu ya kitanda, haijaguswa. Basi ile ya namba nne ni nakala.

Nakala ilitolewa moja tu maishani. Nilimpa mwanangu alipooa, aitundike kwake. Nina mtoto mmoja, wa kiume. Anakaa mwendo wa nusu saa na mkewe na binti yao, na kila Jumapili huja kunijulia hali.

Nikasema, itakuwa imeibwa kwake. Nikasema, Kiberiti huyo, ataiba hata kivuli. Nikafunga mlango wa chumba, nikatoka.

Niliporudi uwanjani niliwakuta wameongezeka wawili. Mmoja kijana wa kupima viwanja, anavuta kamba ya kupimia kutoka kona ya nyumba hadi ukuta wa shule. Mwingine mwanamume wa makamo, viatu vina unga wa mbao, mikono imekomaa. Muuza mbao, alijitambulisha hivyo kwa wote, na kwa heshima.

"Samahanini, ndugu wapangaji. Sitamtoa mtu leo wala kesho. Nataka tu kujua mipaka. Mama yuko?"

"Mama gani?" nikauliza.

"Mama mwenye nyumba. Wa chumba kile." Akaonyesha namba nne.

"Mwenye nyumba ni mimi."

Uso wake ukalainika. Akaja karibu, akanishika bega. Mkono mzuri, wa mtu mwema, ndiyo maana uliniuma.

"Shikamoo mama yangu. Usiwe na wasiwasi, hata wewe sitakutoa. Mama alinieleza. Alisema, 'Kuna mpangaji wangu mmoja wa mbele, ni mzee, kumbukumbu zimeanza kupotea. Atakwambia nyumba ni yake. Usimgombeze.'"

Nilitaka kucheka. Nilitaka kulia. Nikabaki nimeshika ufagio.

"Umeinunua nyumba hii?" fundi cherehani akamwuliza.

"Nimeinunua. Nimeuza lori langu la mbao kwa ajili ya nyumba hii. Imebaki kukabidhiwa hati halisi tu, nimalizie fedha. Mkataba huu hapa."

"Naomba tuuone."

Akasita. "Wewe dada ni nani?"

"Nilikaa namba nne kabla haijageuzwa ukumbi wa maigizo. Njoo uone."

Akachungulia ndani, akaona uwanja mzima umemkodolea macho, akaona kitasa kilichong'olewa, magodoro mawili, mikataba miwili. Si mjinga yule bwana. Niliona rangi yake ikibadilika. Akatoa karatasi mfukoni, akazikunjua juu ya godoro la nesi.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Nasoma gazeti hili kwa kidole. Nikaenda ukurasa wa mwisho, kwa sababu hapo ndipo mambo hufichwa.

Na hapo nikaona mkono wangu.

Sahihi yangu ni jina langu lote, herufi moja moja, na ya mwisho huwa naipandisha juu kama mkia wa paka. Mwalimu alinichapa kwa mkia ule na sikuuacha. Hakuna mtu mwingine duniani anayeandika hivyo. Yule mwanamke anaweza kukohoa kama mimi. Mkia ule hawezi.

"Hii ni sahihi yangu," nikasema.

Kijana wa kupima akaacha kuvuta kamba yake.

Muuza mbao akakohoa yeye safari hii. "Mama, tafakari unachosema. Kama wewe ni mpangaji uliyechanganyikiwa, hii si sahihi yako, na ugomvi wangu hauko na wewe. Lakini kama wewe ndiwe mwenye nyumba na sahihi ni yako, basi umeniuzia. Nitakwenda na karatasi hii popote pale, watanipa nyumba."

Mnaona nilivyonaswa? Nikikataa sahihi, mimi ni mfagizi. Nikiikubali, nimeuza. Tofali leo, tofali mwezi ujao, na mimi nimeyauza yote kwa mkia wa paka.

"Si Kiberiti aliyekuletea karatasi hizi?" mlinzi akauliza. "Au yule Mtulivu?"

Nikaketi ukingoni mwa mkokoteni.

"Mama," fundi cherehani akasema. Akavuta ndoo ya nesi, akaigeuza, akakaa mbele yangu, magoti yake yakigusa yangu. "Bwana huyu ananiuliza kwa macho kama wewe ndiwe mwenye nyumba. Nitamjibu. Ndiwe. Nina mkataba wangu wa zamani nyumbani, nakala ile niliyokusumbua mpaka ukanipa. Ina sahihi yako na picha yako. Nitauleta."

"Mungu akubariki."

"Asinibariki bado. Hiyo ni nusu tu. Mwenye nyumba ni wewe, sahihi ni yako. Sasa tuambie ulisainije. Nani alikuwekea karatasi hii mbele, na alikwambia ni ya nini?"

"Ni siku nyingi."

"Tarehe iko hapa. Ni miezi miwili."

"Sikuwa na miwani."

"Sikuulizi macho, mama. Nakuuliza mkono. Mkono wa nani ulikupa kalamu?"

Wajukuu zangu, wiki nane nimewaandikia hadithi hii. Wiki nane nimemlaumu Kiberiti, nimemlaumu Mtulivu, nimewalaumu wenye kuku na wabeba milango. Mmenitumia salamu za pole, na nimezipokea. Lakini kuna mtu mmoja sikumtaja kwenye habari zote hizo, na nilifanya makusudi.

Niliwaambia nilimpata Kiberiti. Sikuwaambia aliletwa na nani. Leo nimeandika kwamba sikio langu lilijazwa maneno juu ya fundi cherehani. Sikuandika mdomo ulikuwa wa nani. Na zile karatasi zililetwa Jumapili, baada ya chakula, ndani ya bahasha. "Ni fomu za kubadilisha mita ya maji, mama. Saini hapa, na hapa, na hapa." Nikaomba anisomee. Akacheka, akasema, "Mama, na mimi unanishuku?" Nikaona aibu. Nikasaini haraka haraka, tena kwa kujitapa, nikaupandisha mkia vizuri ili aone mama yake anajua kuandika.

Ukitaka ushauri wangu wote kama mwenye nyumba, ni huu mmoja. Karatasi isomwe hata ikiletwa na uliyemnyonyesha. Hasa ikiletwa na uliyemnyonyesha, kwa sababu huyo ndiye utakayeona aibu kumwuliza.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Niliwahi kumwambia mwenzangu mmoja methali hiyo, nikamcheka na mwanawe. Basi.

"Mama," fundi cherehani akarudia, taratibu. "Nani?"

Nilikuwa na nyumba moja na mtoto mmoja.

"Mwanangu," nikasema.

Nesi alitazama chini. Fundi baiskeli aliacha kuzungusha bisibisi.

Muuza mbao akageuza ukurasa, akaweka kidole chake kinene kwenye mstari wa shahidi. "Huyu hapa? Anayesimamia mambo ya mama yake?"

Nilisoma kwa kidole. Jina nililompa mwenyewe, siku ya saba baada ya kumzaa.

"Huyo."

Muuza mbao akavua kofia. "Ndiye anayeniletea hati. Tumepatana saa nne, hapa hapa. Nilitangulia na mpimaji ili tusipoteze muda."

Nesi akainua saa yake kifuani. "Saa nne kasorobo."

"Hati unaiweka wapi, mama?" fundi cherehani akauliza.

"Sandukuni, chini ya kitanda."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi. Na yeye."

"Basi nenda ukatazame. Upesi. Kama ipo, hajaichukua, na huenda tumemsingizia."

Niliinuka. Nilifika mpaka mlangoni kwangu, nikaufungua. Kutoka pale sanduku linaonekana, shuka limelifunika nusu. Hatua sita. Ningeinama tu.

Sikuinama.

Msinilaumu. Nikiikuta, nitakuwa nimemtaja mwanangu mwizi mbele ya wageni kwa kosa la picha na fomu. Nisipoikuta, sina tena pa kujifichia. Nilitaka nibaki na dakika zile kumi na tano. Mtu hupewa chache.

Nikabeba kiti changu, nikakiburuta uwanjani mpaka langoni. Nikakaa katikati, mahali ambapo hapiti mtu bila kuniambia hodi.

"Polisi tuwaite sasa?" fundi baiskeli akauliza.

"Subirini aingie."

"Akikuona hapo, mama, si atakimbia?" Muuza mbao alikuwa amesimama nyuma yangu, kofia mkononi.

"Akikimbia utajua nyumba ni ya nani, na lori lako ukalitafute kwake."

"Na asipokimbia?"

"Asipokimbia nitamkaribisha. Ni kwangu."

Wakarudi nyuma, wakajibanza namba nne, wote, pamoja na magodoro. Mlinzi alisema kama ni kulala, leo basi tena.

Saa nne na dakika chache, pikipiki ikapunguza mwendo kando ya ukuta wa shule. Naijua ile pikipiki. Ikazimwa mbali kidogo, si langoni kama Jumapili zote.

Aliyetangulia kutokea hakuwa mwanangu. Alikuwa mjukuu wangu, binti yake, wa miaka mitano. Jumamosi mama yake huwa kazini, na mtoto huenda anakokwenda baba. Alikuwa amekumbatia bahasha ya kaki kwa mikono miwili, kama anayebeba sahani iliyojaa.

Aliponiona alisimama. Kila akija hunikimbilia mpaka anaangusha kandambili. Leo alisimama, akanitazama, akatazama nyuma anakotokea baba yake, halafu akanisogelea kwa hatua ndogo ndogo, mpaka mdomo wake ukafika sikioni mwangu.

"Bibi," akanong'ona, "baba amesema leo nisikuite bibi."